Mba ya Kichwani na Mashilingi ya Watoto: Jinsi ya Kuyatambua na Kuyatibu

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi katika nchi iliyo chini ya Mlima Kenya. Huko Nyeri ukungu huweza kukaa hata saa nne ya asubuhi, na watu wa Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu na Meru huvaa kofia za sufu tangu alfajiri hadi jioni. Kofia hizo zinapovuliwa, ndipo wengi huona jambo lisilowapendeza: kichwa kinawasha, na mabegani mwa koti jeusi mmeanguka unga mweupe. Huo ndio ugonjwa uitwao mba.

Mba ni ugonjwa mdogo. Hauui mtu, wala hauambukizi. Lakini huleta aibu, na aibu humfanya mtu atumie fedha nyingi kwa dawa zisizofaa. Mwalimu huacha kuvaa koti lake zuri. Kijana anayekwenda kutafuta kazi hujipangusa mabega mara kwa mara mlangoni mwa ofisi. Mwanamke huogopa kufungua kitambaa mbele ya msusi wake.

Tena kuna jambo kubwa zaidi ya aibu. Katika nyumba hiyo hiyo, mtoto wa shule aweza kuwa na magamba kichwani yanayofanana sana na mba ya baba yake, kumbe ni ugonjwa mwingine kabisa. Ugonjwa huo wa pili huambukiza, hauponi kwa sabuni, na ukipuuzwa waweza kumwacha mtoto na kipara cha maisha. Kwa hiyo yafaa kila mzazi ajue kutofautisha magonjwa haya mawili.

MBA NI NINI

Ngozi ya mwanadamu hujifanya upya siku zote. Ngozi changa huzaliwa chini, hupanda juu polepole, kisha hufa na kupukutika. Katika kichwa chenye afya, safari hii huchukua kama mwezi mmoja, na vipande vinavyoanguka ni vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona. Kwa mwenye mba, kazi hii huenda mbio. Ngozi husukumwa juu kabla haijakomaa, vipande vyake hushikamana, na huanguka kwa makundi yanayoonekana kama unga au pumba za mahindi.

Watu wengi hudhani kwamba mwenye mba ni mtu mchafu asiyeoga. Si kweli hata kidogo. Wako watu wanaoosha vichwa vyao kila siku na bado wana mba, na wako wengine wasioosha kwa juma zima wasiwe nayo. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wazima wote duniani hupatwa na mba wakati fulani wa maisha yao, wa kila kabila na kila aina ya nywele.

Mba huanza wakati wa kubalehe. Sababu yake ni kwamba tezi za mafuta zilizo katika ngozi ya kichwa huanza kufanya kazi kwa nguvu wakati huo. Wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake, na kwa wengi ugonjwa hupungua baada ya umri wa miaka 50. Habari hii ya kubalehe na ikumbukwe vizuri, maana ndiyo itakayomsaidia mzazi kumtambua mtoto mwenye ugonjwa ule mwingine.

KUVU INAYOKULA MAFUTA

Mwaka 1874 mtaalamu wa Ufaransa, Louis-Charles Malassez, aliyatazama magamba ya mba kwa darubini, akaona ndani yake vijidudu vidogo vya duara. Vijidudu hivyo ni aina ya kuvu, ambayo watu wengi siku hizi huiita fangasi, nayo ni ya namna moja na hamira ya kuumulia unga. Baadaye ikapewa jina la Malasezia kwa heshima yake.

Kuvu hii haiji kwa mtu kutoka kwa jirani mwenye mba. Huishi katika ngozi ya karibu kila mtu mzima, awe mgonjwa au mzima wa afya. Chakula chake ni mafuta. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kwamba wameusoma urithi wote wa aina moja ya kuvu hii, wakaona kwamba haina uwezo wa kujitengenezea mafuta yake yenyewe; hapana budi iyapate kwa mwenyeji wake. Hata katika maabara, wanaotaka kuiotesha huitilia mafuta, kama vile mafuta ya zeituni, la sivyo haikui.

Kuvu hii inapokula, huyavunja mafuta ya kichwani, huchukua sehemu inayoitaka, na kuacha masalio. Masalio hayo, hasa asidi ya oleiki, hupenya katika ngozi. Mtu mwingine ngozi yake huyavumilia, asione kitu. Mwingine ngozi yake hukasirika, huwasha, huwa nyekundu kidogo, na kuanza kujibandua kwa haraka. Hiyo ndiyo sababu watu wawili wanaolala nyumba moja na kutumia sabuni moja, mmoja huwa na mba na mwingine hana.

Kwa watu wengine ugonjwa huu huzidi. Magamba huwa ya manjano na yenye mafuta, na huenea nyuma ya masikio, katika nyusi, pembeni mwa pua na kifuani. Asili yake ni ile ile, na dawa zake karibu ni zile zile.

KWA NINI BARIDI HUIZIDISHA

Mji wa Nyeri uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,700, na Nanyuki yapata mita 1,900. Nanyuki uko upande wa mlima usiopata mvua nyingi, na upepo wake ni mkavu wenye vumbi. Hewa ya baridi iliyo kavu huidhoofisha ngozi, na ngozi dhaifu haivumilii vyema masalio yale ya kuvu.

Jambo la pili ni desturi za watu wakati wa baridi. Maji ni baridi na kuni ni ghali, kwa hiyo vichwa huoshwa mara chache. Katika sehemu zinazonunua maji kwa mtungi, watu huona afadhali maji yapikie chakula kuliko yaoshe nywele. Wakati huo huo kichwa hufunikwa kutwa kwa kofia ya sufu, kitambaa, au helmeti ya pikipiki, na mafuta na jasho hukusanyika chini yake. Kuvu hupata joto, unyevu na chakula pamoja. Uchovu na mashaka ya moyo pia huweza kuizidisha mba. Wanafunzi wengi huiona ikirudi karibu na mitihani.

MAFUTA SI DAWA YA MBA

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu anapoona magamba meupe hudhani ngozi yake imekauka, basi huchukua mafuta na kuyapaka kichwani kila asubuhi. Kwa dakika chache magamba hulala na kichwa hung'aa. Lakini mafuta mengi ya mimea yana kile kile ambacho kuvu hupenda kula. Kesho yake magamba huwa mengi zaidi, naye huongeza mafuta.

Si kwamba mafuta ni kitu kibaya. Tangu zamani wenyeji wa nchi hii walijipaka mafuta ya mbarika, na nywele za Mwafrika, kwa kuwa zimejikunja, hukauka upesi na huhitaji mafuta. Shauri jema ni hili: mafuta yapakwe katika nywele zenyewe, hasa ncha zake, yasisuguliwe katika ngozi ya kichwa wakati mba ingalipo. Mafuta mazito ya mgando nayo huyashika magamba yasitoke, hata kichwa kikawa na tabaka juu ya tabaka.

JINSI YA KUTIBU MBA

Sabuni ya kawaida huondoa magamba yaliyokwisha kulegea, lakini haiui kuvu. Inayofaa ni shampuu yenye dawa, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa ya miji yote ya mlimani. Mnunuzi asitazame picha iliyo juu ya chupa. Asome jina la dawa iliyomo. Dawa zinazojulikana kufaa ni ketokonazoli ya asilimia 2, seleniumu salfaidi, na zinki pirithioni. Iko pia asidi ya salisili, ambayo haiui kuvu lakini hulegeza magamba mazito.

Kutumia dawa hizi kuna namna yake, na wengi wanaosema kwamba dawa haikufaa ni wale waliokosea namna hiyo.

Kwanza, nywele zilowekwe kwa maji ya vuguvugu, yasiwe moto wa kuunguza. Kama nywele zimejaa mafuta au vumbi, zioshwe kwanza kwa sabuni ya kawaida.

Pili, dawa ipakwe katika ngozi ya kichwa. Mwenye nywele ndefu azigawe kwa mafungu, aifikishe dawa penye ngozi kwa ncha za vidole, bila kucha. Kujikwaruza kwa kucha huleta vidonda.

Tatu, dawa iachwe kichwani kwa dakika 5 kabla ya kuoshwa. Hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi ya yote. Mtu aliyezoea sabuni ya kawaida hupaka na kuosha mara moja, na dawa ya fedha nyingi huenda na maji kabla haijafanya kazi.

Nne, povu lisuuzwe lote. Wenye nywele ndefu wanaweza kupaka dawa ya kulainisha katika nywele, mbali na ngozi, kwa maana shampuu hizi hukausha nywele. Seleniumu salfaidi yaweza kubadili rangi ya nywele zilizotiwa rangi, kwa hiyo isuuzwe kwa uangalifu zaidi.

Wenye nywele fupi watumie dawa mara 2 kwa juma, kwa muda wa majuma 4. Wenye nywele ndefu, au waliosuka, au waliozinyoosha kwa dawa, huweza kutumia mara 1 kwa juma ili nywele zisikatike. Waliosuka hawana haja ya kufumua kila mara: mistari ya ngozi iliyo kati ya misuko huonekana wazi, na dawa yaweza kupakwa hapo. Lakini haifai kukaa na misuko au nywele za bandia kwa miezi mingi bila kichwa kuoshwa.

Hatimaye yafaa ifahamike kwamba mba hutulizwa, haing'olewi. Kwa kuwa kuvu yenyewe ni mkaazi wa ngozi, itarudi. Kichwa kikisha kupona, mtu aendelee kutumia dawa mara 1 kwa juma 1 au 2. Afanyaye hivyo chupa moja humtosha muda mrefu, na gharama yake huwa ndogo kuliko ya mafuta aliyokuwa akiyanunua bure.

MASHILINGI YA WATOTO

Sasa ni lazima kusema habari za ugonjwa ule wa pili. Katika Kiswahili huitwa punye, na sehemu nyingi za Kenya watu huuita mashilingi, kwa sababu mabaka yake ni ya duara kama sarafu. Huu pia huletwa na kuvu, lakini si ile ya mba. Kuvu ya punye haikai juu ya ngozi ikila mafuta. Huingia ndani ya unywele wenyewe na kuula, hata unywele ukakatika.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 3 hadi 12. Mafuta ya kichwani ya mtu mzima husaidia kuizuia kuvu hii, na mtoto bado hana mafuta hayo. Hivyo magonjwa haya mawili yamegawana umri: mba ni ya waliobalehe, punye ni ya ambao hawajabalehe. Kanuni hii si ya lazima kwa kila mtu, maana hata watu wazima, hasa wanawake, huweza kupata punye. Lakini mzazi akiona magamba katika kichwa cha mtoto wa darasa la pili au la tatu, asiseme, “Ni mba tu.” Adhani kwanza ni punye, mpaka ithibitike vingine.

Dalili zake ni hizi. Nywele hukatika mahali mahali na kuacha mabaka. Ndani ya baka huonekana magamba ya kijivu, au vitone vyeusi, navyo ni visiki vya nywele zilizokatika penye ngozi. Mara nyingi mitoki huvimba nyuma ya shingo. Lakini zipo nyakati ambapo punye haina baka lolote. Kichwa kizima huwa na magamba kama unga, sawasawa na mba. Hiyo ndiyo inayowadanganya wazazi, na mtoto huoshwa kwa shampuu mwaka mzima bila kupona, huku akiwaambukiza ndugu zake.

VIDONGE, SI MAFUTA YA KUPAKA

Kwa kuwa kuvu ya punye imo ndani ya unywele, chini ya ngozi, dawa ya kupaka haiifikii. Mtu aweza kupaka krimu mpaka bomba liishe, na shina la unywele likabaki na ugonjwa wake. Hapana budi dawa imezwe, ipite katika damu, iingie katika unywele kutoka ndani.

Zamani dawa kama hiyo haikuwako. Mwaka 1904 Raymond Sabouraud wa Paris alieleza namna ya kuzing'oa nywele za watoto wenye punye kwa mionzi ya eksirei, ili nywele mpya ziote bila ugonjwa. Watoto wengi wa Ulaya, Marekani na Israeli walitibiwa hivyo, na miaka mingi baadaye ikaonekana kwamba mionzi ile iliwaletea baadhi yao uvimbe na saratani. Dawa iliyokomesha jambo hilo ni griseofulvini. Ilipatikana London mwaka 1939 katika aina ya ukungu, ikakaa karibu miaka 20 bila kutumiwa kwa wagonjwa, hata mwaka 1958 J. C. Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwamba wanyama wadogo wa maabara wenye punye hupona wakilishwa dawa hiyo. Tangu hapo imewaponya watoto wasiohesabika, na hata leo ndiyo dawa ya kawaida katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki. Iko pia terbinafini, ambayo kwa aina nyingine za kuvu ya punye hufanya kazi upesi zaidi.

Griseofulvini hupewa mtoto kwa kadiri ya uzito wake, kwa hiyo ni lazima apimwe. Haifai kukisia vidonge dukani. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na katika nchi ya ng'ombe wa maziwa kama Nyeri jambo hilo si gumu: kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta hutosha kuisaidia dawa kuingia mwilini. Matibabu huchukua majuma 6 hadi 8, na pengine zaidi. Wazazi wengi huacha baada ya majuma 2 au 3, wanapoona magamba yamepungua, na hapo ugonjwa hurudi. Mwanamke mwenye mimba asiitumie kamwe, na mwenye ugonjwa wa ini amwambie daktari kwanza.

Shampuu ya ketokonazoli au seleniumu salfaidi hutumiwa pamoja na vidonge, si badala yake. Kazi yake ni kuua mbegu za kuvu zilizo juu ya nywele ili mtoto asiwaambukize wengine. Kwa sababu hiyo yafaa watoto wote wa nyumba waoshwe nayo, na vichwa vyao vitazamwe.

Mtoto aliyekwisha kuanza dawa hakuna haja ya kumfukuza shuleni. Kumweka nyumbani majuma 8 ni kumnyima masomo bila faida kubwa. Wala walimu wasiruhusu wenzake wamwite majina ya kumchekesha. Nywele zake zitaota tena, lakini maneno hayo mtoto huenda asiyasahau.

UVIMBE USIOPASWA KUPASULIWA

Pengine mwili wa mtoto hupigana na kuvu kwa nguvu nyingi, na mahali pamoja kichwani pakavimba, pakawa laini kama jipu, pakatoa usaha. Wazazi hupeleka mtoto apasuliwe. Kumbe kwa kawaida si jipu bali ni punye ile ile, na kupasua hakusaidii. Linalotakiwa ni vidonge vya punye mara moja. Uvimbe huu ukichelewa kutibiwa, huacha kovu, na penye kovu nywele haziwezi kuota tena. Mtoto kama huyo asingojee siku ya soko wala mwisho wa mwezi. Apelekwe siku ile ile katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na ikihitajika atumwe hospitali kubwa, kama ile ya rufani ya Nyeri, ya Tumutumu karibu na Karatina, au ya Chogoria kwa watu wa upande wa Meru na Tharaka Nithi.

NDAMA, KINYOZI NA KITANA

Punye hutoka kwa mtoto hadi mtoto, kwa vichwa kugusana, na kwa vitana, kofia, mito na taulo zinazotumiwa kwa ushirika. Mabweni ya shule ni mahali inapoenea kwa urahisi. Kila mtoto na awe na kitana chake na kofia yake.

Hutoka pia kwa wanyama. Ndama wengi hupata mabaka ya kijivu, makavu kama gome la mti, kuzunguka macho na shingoni. Hiyo ni punye ya ng'ombe, nayo huwapata watu. Mtoto anayewanywesha ndama maziwa na kuwakumbatia aweza kuipata kichwani au mkononi. Paka na mbwa wadogo nao huwa nayo. Mfugaji akiona mabaka hayo, amwite afisa wa mifugo, na watoto wakatazwe kumshika mnyama huyo mpaka apone.

Kuhusu kinyozi, mashine yake huingia katika vichwa vingi kwa siku moja. Kinyozi mwema huondoa nywele zote katika meno ya mashine kwa brashi, huyapangusa kwa spiriti kabla ya kumketisha mteja mwingine, na hufua taulo zake. Vitana vya plastiki vioshwe kwa sabuni, kisha vilowekwe katika maji yaliyotiwa jiki. Kuviweka tu ndani ya kisanduku chenye taa, vikiwa bado na nywele na mafuta, hakutoshi. Mteja ana haki ya kumwomba kinyozi asafishe mashine mbele yake, na kinyozi asione vibaya. Aliye na uwezo anunue mashine moja ya nyumba yake.

MAMBO YASIYOFAA

Mafuta ya taa hayafai kupakwa kichwani, kwa mba wala kwa punye. Huunguza ngozi, mvuke wake huwadhuru watoto, na karibu na jiko huweza kushika moto. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazouzwa bila cheti cha daktari, hutuliza muwasho kwa siku chache huku zikiificha punye na kuiacha ienee. Wembe mmoja usinyolee watu wawili, maana huweza kupitisha magonjwa ya damu. Tena mtu asimeze vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya mba. Shampuu yake ni salama, lakini mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Ulaya walishauri vidonge vyake viondolewe katika kutibu magonjwa ya kuvu, kwa kuwa huweza kuliharibu ini.

LINI KUMWONA DAKTARI

Si kila magamba ni mba au punye. Vitu vyeupe vilivyoshikamana na unywele, visivyotoka kwa kuvipangusa, huenda ni mayai ya chawa. Magamba mazito yenye rangi ya fedha, yanayoonekana pia katika viwiko na magoti, ni dalili ya ugonjwa mwingine wa ngozi unaohitaji daktari. Mtoto mchanga wa miezi michache aweza kuwa na utando wa manjano kichwani. Huo hauna hatari, hulainishwa kwa mafuta kidogo, huoshwa kwa sabuni laini, na huisha wenyewe.

Mtu mzima amwone daktari ikiwa mba haikupungua baada ya majuma 4 ya dawa iliyotumiwa sawasawa, au nywele zinatoka, au kichwa kinatoa maji na usaha. Vile vile, mba iliyomshika mtu mzima ghafla na kwa ukali, ikafunika uso na kifua, pengine ni alama ya kwamba kinga ya mwili imepungua. Wengi wenye mba kali hawana virusi vya Ukimwi, lakini ni busara mtu huyo apimwe. Akionekana anavyo, dawa hutolewa bila malipo katika hospitali za Serikali, na zikianza kufanya kazi, mara nyingi hata mba yenyewe hupungua.

Kwa mtoto, kazi ya kwanza ni ya mzazi mwenyewe, nayo haihitaji fedha. Siku ya Jumapili jua linapotoka, mtoto aketishwe nje mahali penye mwanga, nywele zake zigawanywe kwa vidole, na ngozi itazamwe toka paji la uso hadi kisogoni na nyuma ya masikio. Kama pana magamba, au nywele zilizokatika, au mitoki shingoni, Jumatatu apelekwe akapimwe. Daktari huyakwangua magamba kidogo, huyatia dawa na kuyatazama kwa darubini, na palipo na maabara jibu la kwanza huweza kupatikana siku ile ile.